Mgonjwa wa Viungo Naye Apewe Kadi na Tarehe ya Kurudi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waganga wakuu wa wilaya, maafisa tabibu, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara mliotoka vituoni, wawakilishi wa wagonjwa, mabibi na mabwana.

Oktoba 12 ya kila mwaka ni Siku ya Ugonjwa wa Viungo Duniani, na nimeombwa kusema namna ya kuboresha huduma kwa watu wanaoishi na magonjwa sugu ya viungo na maumivu ya muda mrefu. Nitaanza na jibu, kisha nitalitetea. Wagonjwa hawa wanaonwa sana. Ukifungua daftari la mmoja wao utakuta mihuri ya zahanati, ya kituo cha afya, ya hospitali ya wilaya, na mara nyingine ya hospitali mbili tatu za binafsi. Ila hakuna anayewafuatilia. Kila wanapofika hupokewa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, hupewa dawa ya maumivu ya siku tano, na huondoka bila kuandikiwa tarehe ya kurudi. Wakati huo huo, sisi sisi tunajua vizuri kumhudumia mtu mwenye ugonjwa unaohitaji dawa maisha yote, kwa sababu tumefanya hivyo kwa miaka zaidi ya 20 katika kliniki za VVU. Hoja yangu leo ni kwamba utaratibu ule tuliokwisha kuujenga kwa mikono yetu tuwafungulie na wagonjwa wa viungo.

Magonjwa ninayoyazungumzia hayafanani, ingawa yote hufika mlangoni kwa jina moja la maumivu. Kuna kusagika kwa magoti na nyonga, ambako ndiko kunakojaza mabenchi yetu. Kuna jongo, linalomwamsha mtu usiku wa manane kwa kidole gumba cha mguu kisichovumilia hata kuguswa na shuka. Kuna lupasi, inayoshambulia viungo, ngozi, damu na figo, na inayowapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa. Kuna maumivu ya mgongo, na kuna maumivu ya mwili mzima yasiyo na uvimbe wala jeraha la kuonyesha, ambayo nitayarudia. Na kuna baridi yabisi, ambayo nitakaa nayo zaidi kwa sababu ndiyo inayotuumbua: ni ugonjwa unaolemaza, dawa yake ya msingi ni ya zamani na si ya anasa, na bado watu wanafika hospitali za rufaa vidole vikiwa vimekwisha kupinda.

Katika baridi yabisi, kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kuushambulia utando wa ndani ya viungo. Utando huo huvimba, hunenepa, kisha hula gegedu na mfupa ulio jirani yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na takriban asilimia 70 kati yao walikuwa wanawake. Mfupa ulioliwa haurudi, na sehemu kubwa ya uharibifu huanza katika miaka miwili ya kwanza. Ndiyo maana shirikisho la Ulaya la wataalamu wa viungo, EULAR, linataka mtu mwenye viungo vilivyovimba aonwe na mtaalamu ndani ya wiki 6 tangu dalili zianze, na kwamba ndani ya miezi 3 awe ameanza dawa inayozuia ugonjwa wenyewe, si ya kutuliza maumivu pekee. Naona mnaotoka wilayani mnatabasamu mliposikia wiki 6. Mna haki ya kutabasamu, kwani wataalamu wa viungo tulio nao hawatoshi hata kugawa mmoja kwa kila mkoa. Lakini kama tungempata mgonjwa ndani ya miezi 6 badala ya miaka mitatu, wengi wangeokoa mikono yao.

Hebu tuifuate safari yake. Simsemi mtu mmoja. Nawasema wengi ambao simulizi zao zinafanana hadi ungedhani wamekubaliana. Ni mama mkulima, hajafika miaka 40. Anaanza kuona kwamba alfajiri vidole havikunji, anavitia katika maji ya moto, na inafika saa tatu asubuhi ndipo anaweza kushika jembe. Anasema ni baridi ya msimu, au ni kazi. Anakwenda duka la dawa muhimu, anapewa diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, anapata nafuu, dawa zinakwisha, anarudi. Baadaye anafika kituoni, anachomwa sindano, anapimwa damu na kuambiwa ana brusela. Anameza dozi ya wiki sita. Mara ya pili anaambiwa ni taifodi. Mara ya tatu anaambiwa ana asidi nyingi mwilini, aache nyama nyekundu, naye nyama hiyo anaila sikukuu hadi sikukuu. Mwaka wa kwanza umepita hivyo. Kisha jirani mwenye huruma anamletea vidonge vidogo ndani ya kifuko cha nailoni kisicho na jina wala maelezo. Anameza viwili jioni, na asubuhi anaamka, anafunga kanga mwenyewe, anakwenda kisimani. Anaamini amepona.

Vidonge hivyo mara nyingi ni prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi, na furaha ya mama huyu ina historia. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench alimchoma kotisoni, dawa ya jamii hiyo hiyo, mwanamke wa miaka 29 ambaye baridi yabisi ilikuwa imemfikisha mahali pa kushindwa kugeuka kitandani, na baada ya siku chache mwanamke yule alitembea. Miaka miwili baadaye Hench na wenzake Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Haukupita muda, madaktari wakaanza kuona deni la nafuu ile: uso kuvimba, sukari kupanda, mifupa kuvunjika kwa urahisi, maambukizi yasiyokwisha, na viungo vikirudia kuvimba mara tu dawa inapoachwa. Yote hayo yamejulikana kwa zaidi ya miaka 70, na bado tunayaona katika wodi zetu kana kwamba ni mapya.

Sisemi steroidi ni adui. Mimi mwenyewe huziandika, kwa dozi ndogo na kwa wiki chache, ili mgonjwa apate nafuu wakati dawa ya msingi haijaanza kufanya kazi. Ninachokataa ni steroidi isiyo na jina, isiyo na mwisho na isiyo na mtu anayeisimamia. Na ninyi mnaowapokea wagonjwa hawa, nawaomba msiwaambie waziache siku hiyo hiyo, maana mtu aliyezitumia kwa miezi akaziacha ghafla anaweza kuzimia na hata kufa, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo zimeacha kutengeneza homoni yake ya asili. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo. Waulizeni pia kuhusu dawa za mitishamba, bila kuwafokea. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta steroidi na diklofenaki ndani ya bidhaa zilizouzwa kama mizizi na majani matupu, kwa hiyo unga wowote unaoondoa uvimbe wa viungo kwa usiku mmoja unastahili kutiliwa shaka. Mgonjwa akifokewa ataficha, na akificha hutajua kwa nini sukari yake imefika pale ilipofika.

Sasa niseme juu ya uchunguzi, kwa sababu hapa ndipo tungeweza kubadilika bila kununua kitu chochote. Baridi yabisi hutambuliwa kwanza kwa masikio, macho na vidole vya anayemchunguza mgonjwa. Je, asubuhi viungo vinakakamaa kwa zaidi ya nusu saa? Je, kuna viungo vitatu au zaidi vilivyovimba, vinavyobonyea ukivigusa? Je, ukimbana taratibu kiganja chake pale vidole vinapoungana na mkono, au ukiubana mguu mahali panapolingana na hapo, anashtuka kwa maumivu? Majibu yakiwa ndiyo, mgonjwa huyo ana haki ya rufaa wiki hiyo hiyo. Kinachohitajika ni dakika tano na mikono iliyonawa.

Napenda kuongeza maswali ambayo hayamo katika fomu zetu, kwa sababu fomu nyingi za kupima uwezo wa mgonjwa zimetungwa kwa watu wanaofungua bomba na kuingia kwenye beseni la kuogea. Muulize mama kama anaweza kusonga ugali wa watu sita. Muulize kama anaweza kukamua shuka, kukuna nazi, kuinua ndoo ya lita 20, kumvalisha mtoto vifungo vya sare ya shule. Muulize mzee kama anaweza kuchuchumaa chooni na kuinuka bila kushikwa, kama anasali akiwa amekaa kwenye kiti, na tangu lini. Majibu ya maswali haya yaandikwe kwenye faili, kwa sababu ndiyo yatakayokuonyesha baada ya miezi mitatu kama dawa inafanya kazi. Mgonjwa anayesema maumivu yamepungua lakini ugali bado anasongewa na binti yake hajafika tunapotaka afike.

Kuhusu maabara nitasema kwa ufupi, ingawa najua nitawaudhi baadhi yenu. Kipimo cha damu kinachoitwa RF hutoka chanya kwa watu wengi wenye maambukizi ya muda mrefu na wasio na baridi yabisi kabisa, na hutoka hasi kwa baadhi ya wenye ugonjwa huo wa dhahiri. Kipimo cha ASO huonyesha kuwa mtu aliwahi kuambukizwa koo na bakteria fulani, na kikitoka juu kwa mtu mzima mwenye magoti yaliyosagika hakitupi taarifa yoyote ya kumsaidia. Asidi ya yuriki inaweza kuwa ya kawaida kabisa siku jongo linapomchachamalia mgonjwa, na inaweza kuwa juu kwa mtu ambaye hatapata jongo maishani. Na kuhusu brusela, utafiti uliofanywa Kenya umeonyesha kuwa kipimo cha haraka kinachotumika sana vituoni huwapa jibu chanya watu wengi wasio na ugonjwa huo. Brusela ipo, hasa kwa wafugaji, na huuma viungo kweli. Lakini mtu aliyemaliza dozi mbili na vidole bado vimevimba hahitaji dozi ya tatu.

Nije kwenye dawa. Dawa ya msingi ya baridi yabisi duniani kote ni methotreksati, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1988 na iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hunywewa mara moja kwa wiki. Narudia, mara moja kwa wiki, kwa sababu watu wamekufa sehemu mbalimbali duniani kwa kuinywa kila siku. Kidonge cha kawaida kina miligramu 2.5, hivyo dozi ya miligramu 15 ni vidonge 6 kwa mkupuo, na mgonjwa aliyezoea moja mara tatu kwa siku anaweza kuelewa vibaya kwa urahisi kabisa. Kwenye cheti na kwenye bahasha ya dawa iandikwe siku yenyewe kwa jina lake, tuseme Jumapili, kisha mgonjwa aseme kwa kinywa chake atakunywa siku gani na vidonge vingapi kabla hajaondoka dirishani. Foliki asidi apewe siku nyingine, kupunguza vidonda vya mdomoni na kichefuchefu. Aelezwe kuwa dawa huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake, la sivyo ataiacha wiki ya tatu akisema haifai.

Kuna mambo mawili katika mazingira yetu ambayo vitabu vya ng'ambo huyapitia juu juu. La kwanza ni kotrimoksazoli. Dawa hii tunaigawa kila siku kwa kikohozi, kwa mkojo unaouma, na kwa watu wanaoishi na VVU kama kinga; ikichanganywa na methotreksati inaweza kuangusha chembe za damu kwa kiwango cha kuua. Kila kadi ya mgonjwa wa methotreksati iandikwe kwa wino mwekundu: asipewe kotrimoksazoli. La pili ni ujauzito. Wagonjwa wetu wengi ni wanawake wanaoweza kushika mimba, na methotreksati huharibu mimba, kwa hiyo mazungumzo ya uzazi wa mpango yafanyike siku ile ile ya kuanza dawa, na yafanywe na muuguzi aliyekaa chini na mgonjwa faraghani. Anayetaka mtoto hana sababu ya kukata tamaa, kwani zipo dawa nyingine, mojawapo ikiwa haidroksiklorokwini, zinazoweza kutumika hata wakati wa ujauzito.

Hiyo haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ile ya malaria ambayo wazee humu ndani wanaikumbuka kwa muwasho wake. Kwa mgonjwa wa lupasi ndiyo nguzo ya matibabu, na anayeitumia kwa miaka mingi anapaswa kupimwa macho, kwa sababu inaweza kudhuru retina. Mwaka 2020, dunia ilipodhani inatibu Korona, dawa hii ilinunuliwa kwa pupa, na wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi wakazunguka maduka na kurudi mikono mitupu. Dawa ambayo haina idadi ya wagonjwa wanaojulikana kwa orodha haina wa kuitetea siku inapogombaniwa.

Wapo watakaoniuliza kuhusu dawa mpya za sindano, kama adalimumabu, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Ni dawa nzuri, bei yake bado ni mzigo, na zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, jambo zito katika nchi kama yetu. Nitafurahi zikipatikana. Lakini siwezi kusimama hapa kuziomba wakati methotreksati yenyewe mgonjwa anaifuata mkoa mwingine kwa nauli inayozidi bei ya dawa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa ndipo nilipotaka kufika. Oktoba 2004 Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza VVU kwa mpango wa kitaifa. Wengi walisema haiwezekani: kwamba wagonjwa hawatakumbuka kumeza, kwamba zahanati haziwezi, kwamba maabara ni chache. Leo kila mtu humu anajua CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, ni nini. Mgonjwa ana kadi yenye namba. Ana tarehe ya kurudi. Asipotokea anapigiwa simu, na mhudumu wa jamii anakwenda kubisha hodi kwake. Akiwa imara anapewa dawa za miezi kadhaa ili asipoteze siku ya shamba. Kuna mgonjwa mwenzake aliyefundishwa, anayekaa naye kwenye benchi na kumweleza yale ambayo daktari hana muda nayo. Takwimu zinapanda kila mwezi hadi wizarani, na dawa huagizwa kwa kufuata idadi ya watu halisi.

Mgonjwa wa baridi yabisi au lupasi anahitaji mambo hayo hayo, karibu moja kwa moja. Sipendekezi jengo jipya wala idara mpya. Karibu kila hospitali ya wilaya ina siku ya kliniki ya kisukari na shinikizo la damu. Wagonjwa wa viungo waingie siku hiyo, wawe na rejista yao na kadi yao. Hospitali ya rufaa ithibitishe ugonjwa na kuanzisha dawa, kisha mgonjwa arudishwe wilayani na barua inayosomeka, yenye jina la dawa, siku ya kuinywa, na vipimo vya damu, ini na figo vya kurudia. Katika miezi ya mwanzo vipimo hivyo hufanywa mara kwa mara, kisha kila baada ya miezi mitatu hivi, na mashine za kuvifanya tayari zipo wilayani kwa ajili ya wagonjwa wengine. Akiwa na swali, afisa tabibu ampigie simu daktari wa mkoa, badala ya mgonjwa kupanda basi.

Mtaniambia watumishi hawajafundishwa. Ni kweli, na mafunzo ya viungo katika vyuo vyetu vya afya ni machache mno. Lakini majirani wametangulia. Nchini Kenya, mradi ulioitwa UWEZO uliandaa kwanza wakufunzi wa ndani, kisha wakufunzi hao wakawafundisha watumishi wa ngazi za chini namna ya kuchunguza viungo na kujua wa kumpa rufaa. Uganda ilikwenda mbali zaidi katika eneo gumu kuliko hili. Huduma ya tiba shufaa iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, Hospice Africa Uganda, ilionyesha kuwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, inaweza kutolewa kwa usalama hadi nyumbani kwa mgonjwa, na mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Kama muuguzi aliyefundishwa anaweza kuaminiwa na mofini, anaweza kuaminiwa na rejista ya methotreksati.

Nisieleweke vibaya kwa kuitaja mofini. Ni haki ya mgonjwa wa saratani, na ya mtoto wa selimundu aliye katikati ya maumivu makali, na inasikitisha kuwa bado tunaiogopa pale inapohitajika. Kwa maumivu sugu ya mgongo na magoti si dawa ya kukimbilia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unakataa dawa za jamii hiyo, na unakataa pia ile mikanda ya kiuno inayouzwa na wamachinga nje ya stendi. Unachopendekeza ni elimu, mazoezi, na dawa za kawaida za kupunguza uvimbe pale zinapofaa. Hizo za uvimbe nazo, diklofenaki na ibuprofeni, tuzigawe kwa kiasi: mzee mwenye shinikizo la damu anayezimeza kila siku kwa miaka atakuja kwetu tena, safari hiyo kwa vidonda vya tumbo au kwa figo.

Wengi wa wagonjwa wenu wa maumivu wataangukia kundi hili la migongo na magoti, na kwao mtu muhimu kuliko daktari ni mtaalamu wa fiziotherapia. Tunao, wakiwemo waliofunzwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, lakini mara nyingi tunawaita mgonjwa akishavunjika mguu. Mgonjwa wa goti aonyeshwe kuketi kwenye kiti, kuunyoosha mguu, kuukaza paja kwa hesabu ya sekunde tano na kuushusha taratibu, asubuhi na jioni, na aambiwe kwamba atasikia tofauti baada ya wiki kadhaa, si siku kadhaa. Apewe fimbo, aishike kwa mkono wa upande wa goti zima. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukata tundu katika kiti cha mbao na kukiweka juu ya shimo la choo, na kwa mtu asiyeweza kuchuchumaa kiti hicho kina thamani kuliko pakiti kumi za vidonge. Ushauri wa kulala ukapumzike, ambao bado nausikia, unadhoofisha misuli na kuongeza maumivu.

Nilisema nitarudi kwa wale wenye maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana popote kwenye eksirei. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyatambua maumivu sugu, yaani yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3, kuwa ugonjwa wenye namba yake, hata pale ambapo hakuna jeraha. Mishipa ya fahamu na ubongo huweza kubaki katika hali ya tahadhari na kuendelea kupiga kengele. Mgonjwa wa namna hii anateseka kweli, halali usiku, mara nyingi ana sonona, na kwa kawaida ameshaambiwa na watu watatu kwamba hana kitu. Amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, mwendo wa miguu unaoongezwa kidogo kidogo, na mtumishi yule yule anayemjua kwa jina humfaa kuliko kurudia vipimo. Anayefikia hatua ya kusema afadhali kufa, aulizwe waziwazi, siku hiyo hiyo.

Kwa ndugu zangu wa pwani nina neno la ziada. Virusi vya chikungunya vilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye nyanda za Makonde, kusini mwa Tanzania, na tangu hapo havijatusahau. Katika kisiwa cha Lamu mwaka 2004, uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa takriban watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Mwaka uliofuata vikaenda Komoro na Réunion, na mwishoni mwa 2017 vikawa Mombasa. Homa hupita ndani ya siku chache. Viungo vya baadhi ya watu huendelea kuuma na kuvimba kwa miezi, hata miaka, kwa sura inayofanana sana na baridi yabisi. Magari ya kunyunyizia dawa ya mbu yakiondoka na takwimu za mlipuko zikifungwa, hao hubaki bila jina katika rejista yoyote. Mpango wa kukabiliana na mlipuko uwe na ukurasa wa mwezi wa sita baada yake.

Ninayoyaomba kwa uongozi wa mkoa ni machache na yanapimika. Methotreksati, foliki asidi, haidroksiklorokwini na alopurinoli, dawa ya jongo, ziingie katika maombi ya kila hospitali ya wilaya kwa Bohari ya Dawa kuanzia robo mwaka ijayo, kwa kiasi kinachotokana na rejista na si kwa kukisia. Kila wilaya imteue afisa tabibu mmoja na muuguzi mmoja, wakae kliniki ya mkoa kwa wiki mbili wakishika viungo vya wagonjwa kwa mikono yao wenyewe. Na sasa kwa kuwa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, wale wanaopanga kitita cha mafao wasiiache dawa ya wiki na vipimo vyake nje ya kitita, huku wakilipia sindano za diklofenaki zisizo na idadi.

Rasimu ya kadi ipo mezani karibu na mlango. Ina ukurasa wa siku ya dawa, wa vipimo, wa onyo la kotrimoksazoli, na mistari minne ya maswali ya kazi za nyumbani, ugali ukiwa wa kwanza. Naomba kila wilaya ichukue nakala 20, izitumie kwa miezi mitatu, kisha mniambie ni mstari upi haujazwi na kwa nini. Asanteni sana.